Mtoto Amemaliza Shule, Sasa Afuate Njia Gani?

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Machakos. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.)



Tumecheka sana kwa ule mchezo mfupi wa akina mama. Kijana anafika nyumbani na karatasi ya matokeo. Baba anauliza, "Umepata nini?" Kijana anajibu, "D plus." Baba haongezi neno, anachukua kiti chake na kwenda kuketi chini ya mwembe. Mama anaingia jikoni. Kijana anabaki amesimama uani peke yake, karatasi mkononi. Mchezo uliishia hapo, na kicheko chetu pia kiliishia hapo. Nimemwona mama mmoja akijifuta macho kwa leso. Sitamtaja.

Mimi nataka tuanze na huyo kijana aliyesimama uani. Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii ninaingia nyumba nyingi, na huyo kijana namkuta karibu kila kijiji. Mara nyingine ana miaka kumi na minane. Mara nyingine ana miaka ishirini na sita, na bado amesimama palepale.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka 2023 watahiniwa wapatao 900,000 walifanya mtihani wa KCSE katika Kenya nzima. Waliopata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa zaidi kidogo ya 200,000. Maana yake katika kila watoto tisa, wawili ndio waliofika kwenye mlango huo. Sasa sikilizeni vizuri tunavyozungumza nyumbani, kwenye harusi, hata kwenye mazishi: "Soma uende yunivasiti." Hao wawili tumewapangia. Wale saba hatuna la kuwaambia ila kuwauliza kwa nini hawakuwa wale wawili.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa hapa Kenya lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kilikuwa swali: baada ya shule, nini? Wakati ule waliokwama walikuwa watoto wa shule ya msingi. Walikuwa wanamaliza, nafasi za sekondari ni chache, mjini kazi hakuna, na shambani hawataki kurudi. Kutokana na ripoti hiyo zikaanzishwa politekniki za vijiji. Hazikuwa majumba makubwa. Wazo lilikuwa kwamba kijana ajifunze kazi ambayo majirani zake wenyewe wanaihitaji na wanaweza kuilipia: uashi, useremala, ushonaji, kutengeneza vifaa vya shamba. Serikali baadaye ikazichukua na kuzieneza nchi nzima, na Katiba ya mwaka 2010 ikaziweka chini ya kaunti. Siku hizi zinaitwa vituo vya mafunzo ya ufundi. Jina limebadilika, majengo mengine yamepata rangi mpya.

Wazo lilikuwa zuri. Lililolidhoofisha, kwa maoni yangu, ni midomo yetu sisi wazazi. Tulisema, "Usiposoma utapelekwa politekniki," kwa sauti ileile tunayosema utapelekwa jela. Halafu tunashangaa kwamba mtoto anakwenda kule ameinamisha kichwa, na baada ya miezi mitatu ameacha.

Na ule mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mnaukumbuka? Ulikuja na ahadi ya kumfundisha mtoto kujitegemea. Wazazi wakaitwa harambee, wakajenga karakana. Katika shule yangu ya msingi baba yangu alibeba mawe ya ile karakana. Ikajengwa, ikaezekwa, ikafungwa kufuli ikingojea vifaa. Mimi nilifika darasa la nane vifaa havijafika. Tuliweka humo mahindi ya walimu. Lakini hata hivyo somo la ufundi tulifanya: nilisuka kyondo cha katani kwa mtihani, nacho kilisukwa nusu na nyanya yangu. Mwaka 2002 mtaala ulipopunguzwa, masomo mengi ya mikono yaliondolewa kwenye mtihani wa shule ya msingi. Kisicho kwenye mtihani hakifundishwi, mnajua wenyewe.

Basi nitawasimulia yangu, kwa sababu siwezi kuwaambia mfungue mioyo huku mimi nimefunga wangu.

Nilifanya KCSE mwaka 1998 nikapata C. Baba alitaka niwe muuguzi. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia kwamba nikiona damu nazirai. Nafasi ya uuguzi haikupatikana. Jirani mmoja akasema kuna chuo Nairobi, kinafundisha kompyuta na uhazili, mwaka mmoja tu na kazi ipo. Mama akauza ng'ombe dume aliyekuwa akilima naye, na kikundi chake cha mwethya kikamkopesha zilizobaki. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka. Kompyuta zilikuwa tano, zilizowaka mbili. Sikuwa na macho ya kuona. Nani kijijini kwetu alikuwa ameona chuo cha kompyuta akajua kinatakiwa kufananaje? Mwezi wa nane tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli na mwenye chuo hayuko. Nikarudi nyumbani na blauzi nyeupe mbili, sketi nyeusi, na deni la akina mama kumi na wanane.

Msimu uliofuata mama alilima kwa jembe la mkono. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Nilikaa nyumbani. Nilikuwa naona aibu kupita karibu na nyumba za wale akina mama, kwa hivyo nilijitolea kuwaandikia daftari lao, kwa sababu katibu wao alikuwa mzee na macho yamechoka. Kila Alhamisi nilikwenda. Nikaandika nani ameleta, nani hajaleta, nani ana mgonjwa. Pole pole wakaanza kuniambia mambo mengine: mume anapiga, mtoto ameacha shule, shemeji anataka kuchukua shamba. Nikaanza kufuatana nao kwa chifu. Nilikuwa natembea kilomita nyingi bila kulipwa hata senti, na jioni nafika nyumbani nimechoka lakini nimechangamka. Siku moja mtu wa maendeleo wa parokia alikuja kukagua vitabu vya vikundi, akauliza, "Nani anaandika hivi?" Nikafanya kazi ya kujitolea miaka miwili, kisha nikasaidiwa kwenda kusoma diploma, nikiwa na miaka ishirini na sita. Deni la akina mama nililimaliza kwa mishahara yangu ya kwanza.

Sisemi kila mtu atakutwa na mtu wa parokia. Hiyo ilikuwa bahati. Lakini angalieni jambo hili: kazi iliyonifaa ilionekana kwanza katika kitu nilichokuwa nikifanya bila kutumwa. Hakuna aliyeiona, hata mimi, kwa sababu sote tulikuwa tunatafuta jina kubwa, muuguzi, sekretari.

Tuna mfano mkubwa zaidi hapa hapa kwetu. Wengi mnatoka upande wa Wamunyu, mnamjua Mutisya Munge. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, vile vya 1914 hadi 1918, alipelekwa Tanganyika. Inasemekana tayari alikuwa na mkono wa kuchonga, vitu vya nyumbani vya kawaida. Kule akawaona Wazaramo wakichonga sanamu za mpingo. Aliporudi Wamunyu akaanza kuchonga kwa namna ile, na wageni wakanunua. Akawafundisha wa nyumbani kwake, majirani wakajifunza, na kazi ikaenea mpaka jina la Wakamba likafuatana na vinyago kila mahali ambapo mtalii anashuka. Waliohamia Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika pale Changamwe mwaka 1963. Shule ngapi zimelipiwa karo na twiga wa mbao, na mashamba mangapi yamenunuliwa!

Mtu huyu hakuwa na cheti. Lakini alikuwa na mambo ambayo kijana wetu hatumpi. Mkono wake ulikuwa umeshaonyesha unapenda nini. Kazi aliiona kwa macho yake ikifanywa na watu wanaoijua, hakusimuliwa na jirani. Na mnunuzi alimwona pia.

Na tusiiache hadithi mahali pazuri tu. Wachongaji walipokuwa wengi, kila mmoja akachonga twiga yuleyule na bei ikashuka. Mti wa muhugu, ambao ndio uliopendwa, ulikatwa mpaka ukawa shida kupatikana, ndipo wengine wakageukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Watalii walipopungua baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na tena wakati wa Korona mwaka 2020, vinyago vilikaa kwenye rafu vikaota vumbi. Kwa hivyo kijana akiniambia, "Nataka kuchonga kwa sababu babu alichonga," nitamuuliza atapata wapi mti na atamuuzia nani. Simkatazi.

Sasa kuna wazee hapa ambao najua wanasema moyoni, "Kazi ni kazi. Habari ya kuipenda ni ya watoto wa mjini." Mzee mmoja aliniambia hivyo waziwazi: yeye alikata mkonge miaka kumi na moja na hakuna aliyemuuliza kama anaupenda. Namheshimu. Lakini nitawaambia nilichokiona. Miaka iliyopita mradi mmoja tulioushughulikia uligawa cherehani kwa wasichana waliomaliza shule. Kila msichana, cherehani. Hatukumuuliza hata mmoja kama anapenda kushona. Tulijua tu kwamba wasichana hushona. Tulipozunguka baada ya miaka miwili, nyingi zilikuwa zimeuzwa. Zilizobaki zilikuwa kwa wale ambao hata kabla ya mradi walikuwa wakipasua magauni yao na kuyashona upya. Fedha ile tungeweza kuitumia vizuri zaidi kama tungekaa nao siku moja tu na kuuliza. Kosa hilo ni letu, na mimi nilikuwemo.

Tena niliwahi kutembelea nyumba moja upande wa Mwala. Mama analia kwamba msichana wake ameshindwa na ushonaji, ni mvivu, haambiliki. Nikamtafuta huyo mvivu. Nilimkuta nyuma ya nyumba amezungukwa na simu za majirani, redio, na taa ya sola iliyofunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia kwa utaratibu ambao sijauona kwenye ofisi yangu. Alikuwa ameanza asubuhi na hajala. Nikauliza, "Mama, na hii?" Akasema, "Hiyo ni michezo yake. Tena ni kazi ya wavulana." Ilichukua karibu mwaka mzima wa maneno, na mjomba wake alikuwa mgumu kuliko baba. Alienda akasomea ufundi wa umeme katika kituo cha kaunti, akafanya mtihani wa gredi. Leo anafunga pampu za sola kwenye visima vya kando ya mito yetu hii ya mchanga, na mjomba ndiye anayembebea nyaya.

Kwa hivyo wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe, tazameni kwanza. Mtoto wako akiachwa peke yake jioni anafanya nini? Watu humwita awasaidie nini? Wengine watasema wangu halali ila analala na simu. Haya, anafanya nini na hiyo simu? Kama anawauzia watu maembe kwa simu, hiyo ni habari. Kama anatazama mpira tu, basi huyo mpeleke akaone kazi.

Kuona kazi ndilo jambo ninalotaka mshike. Kijana anasema anataka kuwa mekanika kwa sababu anapenda magari. Hajawahi kulala chini ya lori saa saba mchana na oili inamdondokea usoni. Mwombe fundi wa sokoni amkae naye wiki mbili, tatu. Mpe fundi kitu kidogo, kuku mmoja si kitu kibaya. Baada ya hapo mtoto ataamua akiwa ameona. Wengine wanakuja kuniambia, "Hapana, si hii," na mimi nafurahi, kwa sababu wameisema kabla ya karo. Mwenzao mmoja alitaka kuwa mpishi wa hoteli, akajaribu wiki tatu mjini Machakos, akarudi akasema kupika hapendi ila alipenda sana kuhesabu mauzo ya jioni. Sasa anasomea uhasibu.

Na vijana, msifikiri nimewasahau. Kuna mmoja wenu tuliyebishana naye mtoni. Anapakia mchanga kwenye malori. Aliniambia, "Mama, unaniambia nikasome miaka miwili, na hapa napata pesa jioni ileile." Ana haki. Njaa haisubiri cheti, na kuna nyumba ambazo mkate wa leo unatoka kwenye huo mchanga. Sikumwambia aache. Nilimwomba anionyeshe mtu mmoja wa miaka arobaini na tano ambaye bado anapakia. Akatazama huku na huku, akacheka. Tukakubaliana aweke kidogo kila siku kwa kikundi, kwa ajili ya vifaa vya uashi, kwa sababu uashi alikuwa ameuanza. Ni vilevile kwa boda boda, na kwa wale wanaokwenda viwanda vya Athi River kushona nguo za kupelekwa ng'ambo. Sidharau kazi hizo. Nauliza tu zinakupeleka wapi, na kama wewe ndiye unayejua au ni siku zinakusukuma.

Kuhusu wanaotaka kwenda Uarabuni nitasema kwa kifupi, maana siku nyingine tutakuwa na mkutano wa jambo hilo peke yake. Wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mkataba usomwe na mtu wa pili kabla ya kutia sahihi. Mkiambiwa mfanye haraka, kataeni.

Sasa habari za vyeti, maana hapo ndipo watu wengi hudanganywa. Kwa kawaida C+ inaingiza mtu kwenye digrii, C- kwenye diploma, D kwenye cheti cha ufundi. Aliye chini ya hapo bado ana mlango, kozi ya fundi wa ngazi ya kwanza. Wazazi wengi hawajui kwamba milango hii inapandana kama ngazi. Aliyeanza chini anaweza kuendelea na cheti, kisha diploma, akifaulu na akiwa na nguvu. Yule kijana wa D+ katika mchezo wetu, baba yake angejua haya, labda asingekwenda kuketi chini ya mwembe. Tena KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi wa vyuo vikuu, wanapanga pia wa vyuo vya ufundi, na HELB wanatoa mikopo kwa wa vyuo vya ufundi pia. Watoto wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ni mambo ya yunivasiti.

Kabla ya kulipa karo popote, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mwaka 1999 mimi sikuwa na wa kumuuliza. Nyinyi mnaye. Nendeni na mkaone chuo kwa macho, muwaulize wanafunzi wa mwaka wa pili, si yule anayepokea fedha mlangoni.

Na kwa wale ambao hawajakanyaga darasa la ufundi lakini wanajua kazi: kuna waashi hapa wamejenga nusu ya soko, na wakienda kuomba kazi kwa mkandarasi wanaulizwa karatasi. Mtihani wa serikali wa gredi, unaosimamiwa na NITA, upo wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya. Nimeona mtu wa miaka hamsini akifanya, mikono inatetemeka kuliko ya watoto, na alifaulu.

Wenye watoto wadogo mna kazi mapema zaidi kuliko sisi. Katika mfumo mpya, kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na mtoto anaingia huko akiwa amechagua njia mojawapo kati ya tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Ni mtoto wa miaka kumi na mitano. Asipozungumza na wewe atachagua kwa kumfuata rafiki.

Kuna wanaoogopa kwamba mtoto akijifunza ufundi shamba litakufa. Mwaka 1994 kilitoka kitabu kuhusu wilaya yetu ya Machakos ya zamani, ile iliyochukua na Makueni. Kilitazama miaka ya 1930 hadi 1990. Mwanzoni mwa miaka hiyo wakoloni walikuwa wakisema nchi hii inageuka jangwa. Watu walikuwa kama 240,000. Kufikia 1989 walikuwa karibu 1,400,000, na hata hivyo udongo ulikuwa unatunzwa vizuri zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya mitaro ya fanya juu mliyochimba, wengi wenu katika mwethya. Na fedha za kuchimba, za mbegu, za plau, zilitoka wapi? Zilitoka kwa mazao ya kuuza, na pia kwa waliokuwa wakifanya kazi mbali na kutuma nyumbani. Shamba na mshahara vimelishana hapa kwetu kwa muda mrefu. Kijana akiwa fundi wa mabomba ndiye atakayeleta tangi la maji shambani. Na mwingine shamba lenyewe ndilo litakuwa kazi yake. Yule anayejua kuunganisha miche ya maembe na machungwa vizuri, namweka pamoja na mafundi, na asiitwe mtu aliyebaki nyumbani.

Nimefika kwenye jambo lililonileta, na mnisamehe nikisema waziwazi.

Nimesoma katiba za vikundi vingi vyenu. Kwenye ukurasa wa mikopo imeandikwa: karo ya sekondari, karo ya chuo kikuu, matibabu, mazishi. Ufundi haumo. Mwaka jana mama mmoja aliomba mkopo mtoto wake aingie kituo cha ufundi, akakataliwa. Mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Dada, hatukumkataa kwa ubaya, ni katiba." Wiki mbili baadaye kikundi hichohicho kilitoa kiasi kikubwa zaidi ya hicho kwa mazishi. Sina neno na mazishi, tunazikana, ndiyo desturi yetu. Lakini yule kijana bado yuko uani, na karo aliyokosa haikufika hata bei ya turubali na viti.

Tena karo peke yake haitoshi. Anayemaliza kozi ya umeme bila koleo, bila mashine ya kutobolea, anarudi kusimama palepale. Kuna kikundi kimoja kati yenu kimejaribu njia nyingine: kikundi kinanunua vifaa, vinabaki mali ya kikundi, fundi anavitumia na kulipa kidogo kila mwezi mpaka viwe vyake. Mmoja alitoroka na vifaa, ni kweli, na mwekahazina yuko hapa anaweza kuwaeleza walivyohangaika mpaka Matuu kumtafuta. Wanne wamelipa. Mfuko wa Vijana wa mwaka 2006, ule wa Wanawake wa 2007 na Uwezo wa 2013 ilianzishwa kwa ajili ya vikundi kama hivi, lakini ni mikopo, itarudishwa, msiichukue kama zawadi ya mwanasiasa.

Basi sasa mtagawanyika kwa vikundi vyenu, kila kikundi na katiba yake. Makatibu mmekuja nazo, niliwaandikia barua. Fungueni ukurasa wa mikopo na mtu mmoja ausome kwa sauti, ili na wasiosoma wasikie. Kisha mjadiliane: neno ufundi liingie au lisiingie, na likiingia, ni karo tu au na vifaa? Mzazi akikopa na mtoto akaacha kozi katikati, tutafanya nini? Vijana muwekwe mmoja katika kila duara, na aanze kusema yeye, kabla ya wazee. Baba aliyecheza mchezo, naomba ukae na yule kijana wako wa D+ katika duara moja. Tuna saa moja kabla ya chakula.